Msimu Tuliocheza Fainali Bila Yaqub

Chumba cha tiba cha klabu yetu ya mpira wa mikono, hapa Maskati, kiko chini ya viti vya watazamaji, na hakina dirisha. Nimefanya kazi humo miaka ishirini na mitatu. Watu wakifurahi huko juu, wewe mle ndani unasikia vishindo vya miguu yao tu, wala hujui nani kafunga. Nnaanza na hilo kwa sababu nyinyi mlionishika niandike haya ndio mnaokaa mle sasa, na mimi hakuna aliyenambia mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa peke yako ukingoja mtu aumie.

Nimestaafu mwezi uliopita. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wa ofisini, wao wana kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi ntaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na msimu mmoja ambao bado baadhi ya watu wa klabu wanaponiona sokoni hugeuza uso wakatazama nyanya.

Nilitokea hospitali, wodi ya waliovunjika mifupa. Huko mgonjwa hulala na wewe unamwendea kwa heshima zote. Siku ya kwanza klabuni nikavaa koti langu jeupe na viatu vyeusi vya ngozi, na kijana mmoja alipoanguka mazoezini nikamkimbilia katikati ya kiwanja. Hakuna aliyenionya kuhusu ulimbo. Wachezaji wa mpira wa mikono hujipaka ulimbo vidoleni ili mpira usiwaponyoke, na ulimbo huo huishia sakafuni, ukutani, kwenye taulo na kwenye vitasa vya milango. Kiatu changu cha kulia kikanasa, mguu ukatoka, nikamfikia mgonjwa kwa soksi. Akacheka mpaka akasahau goti lake. Hiyo ndiyo tiba yangu ya kwanza klabuni, na ilifaulu.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Hilal, mchuaji wa timu. Yeye alizaliwa Bujumbura na kukulia huko, akaja Maskati mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Mimi mtoto wa Unguja, nilikuwa nikimsahihisha maneno, na yeye akinisahihisha mikono.

"Unabonyeza kama mtu anayetafuta funguo mfukoni," aliniambia wiki ya kwanza. "Acha mkono ukae kwanza. Mguu wa mtu lazima ukuzoee."

Alinifundisha nisimuulize mchezaji anaumwa wapi mbele ya kocha, kwa sababu mbele ya kocha hakuna anayeumwa. Nimtazame anavyofungua kamba za viatu. Mwenye mgongo mbovu huupandisha mguu kwenye benchi, mwenye kifundo kibovu hukivua kiatu bila kukifungua. Alinifundisha kuutoa ulimbo kwa mafuta ya kupikia, si kwa sabuni. Na barafu ya ukumbini ilipokwisha, kwa sababu mashine ile ilikuwa ikiharibika kila wiki ya mechi kubwa, alinipeleka soko la Mutrah kwa wauza samaki, tukajaza madumu mawili. Magoti ya timu nzima yalinuka jodari kwa siku tatu. Kocha wa wakati ule alilalamika. Mzee Hilal akamjibu kwamba uvimbe haujui kunusa.

Zaidi ya yote alinifundisha daftari. Kila aliyeumia aliandikwa saa ile ile: kaumia vipi, kasema nini, nini kimeonekana. "Usingoje mpaka nyumbani," alikuwa akisema. "Kesho kila mtu atakuja na kumbukumbu yake mwenyewe, na wewe utabaki na maneno matupu."

Nimelifuata agizo hilo miaka yote isipokuwa siku moja.

Mzee Hilal alifariki mimi nikiwa nimekwisha kaa miaka kumi pale. Baadaye, mke wangu Moza naye akatangulia mbele ya haki, baada ya maradhi ya miezi michache tu. Watoto wetu wawili wako nje, mmoja kasomea huko akaolewa huko. Nikawa natoka kwenye chumba kisicho na dirisha nakwenda kwenye nyumba yenye madirisha mengi na hakuna mtu wa kuyafungua. Sitalirefusha hili. Nnalitaja kwa sababu bila ya hilo hamtaelewa yaliyotokea.

Katika timu nzima aliyebaki wa kuzungumza naye Kiswahili alikuwa kipa wetu, Yaqub. Mtu wa Yiti, kijiji cha pwani nje ya mji, mrefu, mikono mirefu inayofika magotini, mama yake mzaliwa wa Unguja kama mimi. Akiniita Ami, kama ndugu wa baba yake. Moza alipofariki, yeye ni mmoja wa waliolibeba jeneza, na baada ya hapo hakuacha kunitazama. Gari lake lilipoharibika, msimu ule ninaousimulia, nikawa nampakia kila baada ya mazoezi mpaka mtaa wa Qurum. Kaka yake alikuwa akifanya kazi hoteli moja ya pale, wakirudi Yiti pamoja. Njiani tulikuwa tukisimama kula mishkaki. Kula kwangu na mtu kwa wiki nzima ndio huko.

Msimu ule hakuna aliyetutegemea. Tulikuwa timu ya katikati ya jedwali, wachezaji wengi wana kazi zao asubuhi, wawili tu wametoka nje kwa mkataba. Lakini Yaqub alikuwa na miaka thalathini na nne, umri ambao kipa mzuri huanza kuisoma mipira kabla haijarushwa. Tukashinda mechi tusizostahiki. Kocha Ridha, Mtunisia mkali mwenye sauti ndogo, akaanza kutabasamu, jambo lililowatia wachezaji wasiwasi. Tukafika nusu fainali, na ikajulikana kwamba klabu moja ya nje inamtaka Yaqub, na wajumbe wake watakuja kumwangalia akicheza fainali tukifika.

Kipindi cha pili cha nusu fainali, mshambuliaji wao aliruka akarusha mpira kutoka hatua tano. Yaqub akauzuia kwa paji la uso. Sauti ile naijua. Akaanguka chali, nikakimbia na mfuko wangu, na nilipomfikia alikuwa amekwisha kaa.

"Yaqub, uko wapi?"

"Niko golini, Ami. Ondoka, tucheze."

Macho yalikuwa sawa, jina la mpinzani alilijua, matokeo aliyajua. Mwamuzi ananihimiza, ukumbi unapiga kelele. Nikamruhusu. Hilo ni kosa langu la kwanza, nami sijalitafutia udhuru. Akacheza dakika kumi na mbili zilizobaki, akaokoa mipira minne, tukashinda kwa mabao mawili.

Baada ya magharibi nikampakia kama kawaida. Tukaingia barabara kuu.

"Ami, tumeshinda?"

"Tumeshinda. Mabao mawili."

Akatikisa kichwa. Tukaenda kidogo, taa za barabarani zinampita usoni, akauliza tena kama tumeshinda, nikajibu tena. Hapo nikapunguza mwendo. Halafu akaegemea kiti, akapiga miayo, na kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu mwenye njaa akaniuliza, "Bi Moza kapika nini leo?"

Alilibeba jeneza la Moza. Bega lake lilikuwa mbele ya bega langu.

Nilipaswa kusimamisha gari pembeni nikatoa daftari. Badala yake nikajibu. Nilisema, "Wali wa nazi na samaki wa kukaanga."

"Aniwekee," akasema.

"Atakuwekea."

Nyinyi ni wasomi, mtajua kuniambia hali ile inaitwaje. Mimi nnajua kwamba kwa urefu wa barabara baina ya taa mbili, kulikuwa na mtu mwengine duniani ambaye kwake Moza alikuwa yu jikoni, na sikutaka kumsahihisha. Kisha nikageuza gari nikampeleka hospitali.

Tulingoja pale saa mbili. Alipoitwa alikuwa amerudiwa na akili kabisa, anajibu, anatania. Picha ya kichwa haikuonyesha kitu. Daktari wa zamu akaniuliza nimeona nini, nikasema kwamba alirudia swali. Swali gani, sikusema. Yaqub alikuwa kakaa pale pale ananitazama, na jina la mke wangu halikunitoka kinywani. Daktari akaagiza apumzike na aangaliwe. Daftarini nikaandika: "Pigo la kichwa, karudia swali mara mbili, kapelekwa hospitali." Mstari mmoja. La Moza nikaliacha.

Siku zilizofuata nikamtazama kama nilivyofundishwa. Alikuja mazoezini na miwani ya jua, akaivua mlangoni akafinya macho kwa taa. Akikaa kufunga kamba za viatu alikuwa akitulia kwanza, mkono kwenye benchi, kama mtu aliye ndani ya mashua. Nikamwita chumbani.

"Kichwa kinakuuma?"

"Hakiumi."

"Yaqub."

Akafunga mlango. "Ami, nna miaka thalathini na nne. Watu wale hawaji tena kuniangalia. Mimi nataka msimu mmoja tu wa kuamka asubuhi kazi yangu ikawa mpira, basi. Ukisema neno kwa Kocha umenimaliza."

"Na ukipigwa tena?"

"Sitapigwa."

Kipa wa mpira wa mikono ananiambia hatapigwa. Nikamwambia siwezi kunyamaza. Alitoka bila kuniaga, na siku hiyo alirudi Qurum kwa teksi.

Kulikuwa na kikao siku mbili kabla ya fainali. Kwa utaratibu wa klabu, aliyeumia kichwa harudi kiwanjani mpaka fomu yake itiwe saini mbili, ya daktari na ya mtu wa tiba aliyekuwapo alipoumia. Tulikaa ofisini kwa meneja: meneja, Kocha Ridha, daktari wa klabu, Yaqub na mimi. Daktari alikuwa amekwisha mpima asubuhi ile. Yaqub alikuwa ametaja miezi kinyumenyume, amesimama mguu mmoja macho kafumba, amepita kila kitu. Saini ya daktari ilikuwa tayari kwenye karatasi. Meneja akanisogezea kalamu.

Nikasema sitii saini. Wakauliza kwa nini. Nikaeleza habari ya miwani, ya kutulia kwenye benchi, nikaona hayatoshi, hata masikioni mwangu hayakutosha. Basi nikasema lile la garini. Nikalisema kwa Kiarabu, neno kwa neno, nikitazama meza.

Daktari akafunua daftari langu, akasoma ule mstari mmoja, akaniuliza kwa upole, "Mbona hukuliandika?"

Kabla sijajibu Yaqub akasimama. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza ila kwa Kiswahili. Siku ile alisema kwa Kiarabu, ili wote waelewe.

"Sikumuuliza hivyo. Nakumbuka kila kitu, na sikumuuliza hivyo. Jamani, mzee huyu tunampenda, lakini yeye ndiye anayemtaja mkewe kama yu hai. Muulizeni mtu yeyote. Amesikia anachotaka kusikia."

Na ilikuwa kweli kwamba namtaja. Mara mbili tatu wachezaji walinisikia nikisema Moza hapendi nichelewe, nikajisahihisha wakajifanya hawakusikia. Nikamwona meneja anatazama chini. Nikamwona Kocha, aliyekuja tayari kugombana, sauti yake imelainika, na huo ulaini ndio ulionichoma kuliko ugomvi.

"Ndugu Nasor," meneja akasema, "labda umechoka. Tunaweza kumpa mwengine atie saini."

"Hakuna mwengine aliyekuwapo," nikasema. "Ni kweli namtaja. Lakini yeye kaulizia chakula, na mimi tangu Moza afe sijawahi kujiuliza kapika nini. Hilo lisingetoka kwangu."

Sijui kama waliamini. Sidhani. Mimi mwenyewe, nikitembea kurudi chumbani, nilianza kujiuliza. Barabara, taa, uchovu, sauti ile. Je, nimeitunga? Nilikaa juu ya kitanda cha kuchulia, miguu ikining'inia kama mgonjwa, na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Lakini saini sikutia. Nilijiambia kwamba nikikosea, mtu atakosa mechi. Wakikosea wao, mtu atakosa asiloweza kurudishiwa.

Fainali tulicheza na kipa wa akiba, mtu mzuri, mwalimu wa hesabu, alijitahidi kuliko uwezo wake. Tulifungwa kwa bao moja, sekunde za mwisho, mpira ulipita chini ya mkono wake wa kushoto. Yaqub alikaa mwisho wa benchi na nguo za kawaida. Wageni waliokuja kumwangalia yeye waliondoka na jina la kijana wa timu pinzani. Kwenye basi viti vyote vilijaa isipokuwa cha ubavuni mwangu. Niliweka mfuko wa tiba juu yake, ili isionekane kwamba kiko wazi.

Msimu uliofuata Yaqub hakurudi. Nilisikia kapata kazi ya usimamizi kwenye hoteli ile ya kaka yake. Nilimpigia mara moja, simu ikaita mpaka ikakata. Wachezaji wakaendelea kuja chumbani, kwa sababu mguu ukiuma huna hiari, lakini walizungumza na mimi kuhusu mguu tu. Baada ya misimu miwili walioujua mkasa wakawa wachache, na wapya waliniona ni mzee asiyependa maneno. Nikawa hivyo kweli. Daftari nikaandika kuliko nilivyoandika maishani, kurasa kwa kurasa.

Mwaka huu, wiki chache kabla sijastaafu, nilikuwa nakunja mabendeji, simu ikalia. Nilikuwa sijalifuta jina lake.

"Ami." Pumzi inamwenda mbio. "Ami, ni Yaqub. Nafundisha timu ya wafanyakazi wa hoteli, kipa wangu kapigwa mpira wa uso. Anasema hana kitu. Nimfanyeje?"

Sikuuliza hujambo wala ulikuwa wapi. Nikamwambia amtoe nje ya kiwanja, asimwache peke yake, asimwache aendeshe gari, amwite kaka yake alete gari wende hospitali. Nikamwambia azungumze naye njia nzima na akumbuke anachosema.

"Usikate," akasema. "Kaa na mimi mpaka gari lifike."

Nikakaa. Nilimsikia akimuuliza yule kipa jina la meneja, siku, waliokula naye mchana. Kisha akarudi kwenye simu.

"Ami, siku ile ya nusu fainali. Mimi nakumbuka mpaka mapumziko. Halafu nakumbuka taa za hospitali. Katikati hapana kitu. Mpaka leo hapana kitu."

"Ulisema unakumbuka vyote."

"Nilisema uongo. Kwamba sikukuuliza, hilo sikujua kama ni uongo. Nilijiambia mzee katunga. Ilinibidi niamini hivyo, maana kama ni kweli basi nilimuulizia marehemu niliyembeba. Nilikuuliza, sivyo?"

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

Kwa miaka minne hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hata daktari hakuniuliza. "Nilikwambia wali wa nazi na samaki wa kukaanga."

Hakusema nisamehe, na mimi sikumwambia nimekusamehe. Nilisikia gari linafika, milango inafunguliwa, kaka yake anauliza amkalishe wapi mgonjwa. Yaqub akasema, "Ami, ntakuja Ijumaa moja tuzungumze," kisha akakata. Yule kipa wao, nilipata ujumbe jioni, walimlaza siku mbili akatoka salama.

Nikaandika yote daftarini saa ile ile, ukurasa mzima, na jina la Moza nikaliandika kwa herufi zake zote. Ukurasa huo mtauona, uko kwenye daftari la mwisho katika kabati la kushoto.

Ijumaa kadhaa zimepita tangu hapo. Sijampigia kumkumbusha. Kutoka Yiti kuja kwangu si mbali, na mtu ana kazi zake. Kila Ijumaa nikirudi msikitini napika wali wa nazi vikombe viwili vya mchele, nakaanga samaki, nafungua madirisha ya upande wa barabarani. Ikifika alasiri nnakula. Unaobaki nautia kwenye friji, unanifaa Jumamosi.